Aliyeachwa Nje ya Filamu: Kufundisha Ulinganisho wa Riwaya ya Emma na Filamu ya Clueless

Mwalimu wa fasihi anapopata filamu iliyotokana na riwaya, jambo la kwanza linalomjia akilini ni kuchora jedwali. Upande wa kushoto wa ubao huandikwa majina ya wahusika wa kitabuni, upande wa kulia majina ya wahusika wa filamu, na katikati hupigwa mistari ya kuwaunganisha. Kazi hiyo haina ubaya, tena huwachangamsha wanachuo. Lakini somo likiishia hapo, mwanachuo hutoka darasani na orodha tu, na orodha anaweza kuinakili kwa mwenzake bila ya kusoma ukurasa mmoja wala kutazama picha moja. Kisha huenda shuleni kufundisha, akawapa wanafunzi wake orodha ile ile.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali lenye faida zaidi si "nani amekuwa nani?" bali ni "nani amekosa nafasi, na kwa nini?" Mfano tutakaoutumia ni riwaya ya Emma ya Jane Austen, iliyotolewa London mwezi wa Desemba 1815 ingawa ukurasa wake wa jina una mwaka 1816, na filamu ya Clueless iliyoandikwa na kuongozwa na Amy Heckerling, ambayo ilianza kuonyeshwa Marekani mwezi wa Julai 1995. Jina la filamu hiyo maana yake ni mtu asiyejua lolote, asiye na habari na yanayomzunguka. Mwalimu alishike jina hilo tangu mwanzo, kwa sababu tutalirudia.

Huenda mwalimu akauliza kwa nini tusichukue filamu ya mwaka 1996 iliyobaki na jina la riwaya yenyewe, ambamo wahusika huvaa nguo za zama zile na kusafiri kwa magari ya farasi. Jibu ni kwamba filamu ya namna hiyo humfanya mwanafunzi aamini kuwa hakuna kilichobadilika. Anapoona kofia na farasi hudhani amekisoma kitabu. Clueless haimpi nafasi ya kudhani hivyo. Kijiji cha Highbury katika jimbo la Surrey, maili 16 kutoka London, kimekuwa Beverly Hills huko California. Wasomi wa kijijini na kasisi wao wamekuwa wanafunzi wa shule ya sekondari wenye simu mikononi. Kwa kuwa kila kitu kimegeuzwa, mwanafunzi hulazimika kuuliza kilichobaki ni nini.

Tuanze basi na jedwali, tulimalize upesi. Emma Woodhouse, msichana wa karibu miaka 21, mwenye urithi wa pauni 30,000 na baba mwenye wasiwasi wa afya, amekuwa Cher Horowitz, binti wa wakili tajiri. Wote wawili hawana mama. Harriet Smith, msichana wa miaka 17 aliyezaliwa nje ya ndoa na asiyejulikana baba yake, ambaye Emma anamchukua ili amlee apendavyo, amekuwa Tai, mwanafunzi mgeni asiyejua desturi za shule. Robert Martin, mkulima mpangaji ampendaye Harriet kwa dhati, amekuwa Travis, kijana wa kuteleza juu ya ubao wa magurudumu. Kasisi Elton amebaki na jina lake akawa mvulana anayejiona. Bw. Knightley, shemeji wa dada yake Emma na mtu pekee anayethubutu kumkosoa, amekuwa Josh, mwanachuo ambaye mama yake aliwahi kuolewa na baba yake Cher. Frank Churchill, kijana mwenye uchumba wa siri, amekuwa Christian, ambaye siri yake ni kwamba moyo wake hauelekei kwa wasichana. Uvumbuzi huu wa Heckerling ni wa werevu mkubwa, kwa kuwa unaihifadhi kazi ya siri bila ya kuhitaji mchumba.

Matukio nayo yanafuatana hivyo hivyo. Emma anachora picha ya Harriet, Elton anaisifu na kuipeleka London ikatiwe fremu. Cher anampiga Tai picha, na Elton anaiweka katika kabati lake shuleni. Mara zote mbili msichana mwerevu anaamini kuwa kijana anampenda aliyemo katika picha, kumbe anampenda aliyeitengeneza. Elton wa kitabuni anajitokeza ndani ya gari la farasi usiku wa kuamkia Krismasi. Elton wa filamu anajitokeza ndani ya gari lake baada ya karamu, na anapokataliwa anamwacha Cher peke yake usiku. Harriet anachoma vitu vidogo alivyoviweka kwa kumkumbuka Elton. Tai naye anachoma vyake.

Hapo wanafunzi hufurahi, kwa kuwa kila kitufe kimepata tundu lake. Ni wakati huo mwalimu anapotakiwa kuwauliza: je, jedwali limekwisha?

Nasaba na umaarufu

Kabla ya kulijibu swali hilo, yafaa wanachuo waone badiliko moja kubwa linaloyabeba yote mengine. Katika riwaya, kipimo cha mtu ni nasaba na ardhi. Emma anamzuia Harriet asimkubali Robert Martin kwa sababu, machoni pa Emma, mkulima mpangaji hawezi kuwa mwenzao wa kuandikiana na kutembeleana. Hili si suala la kupendeza au kutopendeza. Harriet akikosea kuolewa, hana fedha wala jina la kumwokoa.

Katika filamu, kipimo cha mtu ni umaarufu shuleni. Cher anamwambia Tai kwamba vijana wa kundi la Travis si wa kufuatana nao. Maneno yanafanana na ya Emma, lakini uzito wake sio ule ule. Nasaba mtu huzaliwa nayo na hufa nayo. Umaarufu waweza kupatikana kwa wiki moja, na kwa kweli Tai anaupata hivyo: vijana wanamning'iniza kwa mzaha kwenye ukingo wa ghorofa ya jengo la maduka, Christian anamwokoa, na habari hiyo inapoenea shuleni Tai anakuwa maarufu kuliko Cher mwenyewe. Tukio hili limetoka katika sura ambayo Harriet anatishwa na Wajipsi njiani naye Frank akamwokoa. Ila Harriet hapandi cheo chochote kwa kutishwa. Anayepanda ni Tai peke yake.

Kwa hiyo miisho ni tofauti. Austen anamrudisha Harriet mahali alipokuwa: anaolewa na Robert Martin, inagunduliwa kwamba baba yake ni mfanyabiashara, na urafiki wake na Emma unapoa taratibu, na mwandishi anatuambia bila ya aibu kwamba ndivyo ilivyostahili. Msomaji wa leo huchukia ukurasa huo, na ni vizuri achukie. Filamu haiwatengi marafiki: Tai yuko na Travis na bado ni rafiki wa Cher. Swali la kuwauliza wanachuo ni kama filamu imekuwa na huruma zaidi kuliko kitabu, au imechagua tu mahali ambapo huruma haigharimu kitu.

Anayekosekana

Sasa turudi kwenye jedwali. Wanafunzi wenye macho huona upesi kuwa hakuna Jane Fairfax. Wachache huona kwamba hakuna pia Bi. Bates. Na hawa wawili ni mtu na shangazi yake.

Bi. Bates ni binti wa kasisi wa zamani wa Highbury. Hakuolewa, anaishi katika vyumba vya kupanga na mama yake mzee, na anazungumza bila ya kituo, kila sentensi ikiwa shukrani kwa fulani aliyemletea matofaa au nyama. Jane ni mpwa wake, mwenye elimu na kipaji kuliko Emma, lakini kwa kuwa hana fedha anatazamia kwenda kuwa mwalimu wa kukaa nyumbani mwa matajiri, kazi ambayo yeye mwenyewe anaitaja sambamba na biashara ya kuuza watu. Austen amewaweka wanawake hawa karibu na Emma kwa makusudi. Mapema kitabuni Emma anamweleza Harriet kwamba yeye haogopi kutoolewa: anayechekwa ni mwanamke asiyeolewa aliye maskini, mwenye mali huheshimiwa tu. Bi. Bates yumo katika mazungumzo yale yale kama mfano. Msomaji anapaswa kuyakumbuka maneno hayo atakapofika Box Hill.

Tukio la Box Hill limo katika juzuu la tatu, sura ya saba. Watu wamekwenda matembezi, wamechoka, na Frank anapendekeza mchezo: kila mmoja aseme jambo moja la werevu mwingi, au mawili ya werevu kiasi, au matatu ya kipumbavu kabisa. Bi. Bates anajicheka mwenyewe kwamba matatu ya kipumbavu hayatamshinda. Emma anamjibu, mbele ya wote, kwamba taabu itakuwa kuishia kwenye matatu. Bi. Bates haelewi mara moja. Anapoelewa hakasiriki, bali anasema kwa upole kwamba lazima awe anachosha hata rafiki wa siku nyingi amwambie hivyo. Baadaye Knightley anamkabili Emma kando ya gari. Hoja yake haihusu adabu tu. Anasema kwamba kama mwanamke yule angekuwa tajiri asingejali. Lakini ni maskini, ameshuka kutoka hali aliyozaliwa nayo, na huenda atazidi kushuka. Tena alimjua Emma tangu utotoni, wakati kutazamwa na Bi. Bates kulikuwa heshima. Emma analia njia nzima hadi nyumbani. Hapo ndipo kitabu kinapogeuka.

Filamu imefanya nini na sura hii, ikiwa aliyetukanwa hayumo? Imeigawa sehemu mbili. Sehemu ya kwanza imempa Lucy, mtumishi wa nyumbani kwa Cher. Cher anataka mtunza bustani aambiwe akate vichaka. Lucy anauliza kwa nini asimwambie mwenyewe. Cher anajibu kwamba yeye hajui "Kimeksiko". Lucy anakasirika, anasema yeye si Mmeksiko, anaondoka. Josh anamweleza Cher kwamba Lucy ametoka El Salvador, na kwamba hiyo ni nchi nyingine kabisa. (Lugha yetu, kwa wepesi wa kiambishi chake cha ki-, ingempatia Cher neno hilo bila ya taabu, na wanachuo huchukua dakika kadhaa kabla ya kuona kosa liko wapi. Mwalimu asiwaharakishe.)

Sehemu ya pili imempa Cher mwenyewe. Tai, ambaye sasa ni maarufu, anamkashifu kwa ubikira wake na kwa kushindwa kwake kuendesha gari. Msichana aliyefinyangwa anamgeukia mfinyanzi. Hapo Cher ndiye anayekaa mahali pa Bi. Bates, naye anaumia vivyo hivyo.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo penye jambo la kufundisha. Kosa la Emma ni la moyo: anajua kila kitu kuhusu Bi. Bates, anajua umaskini wake na wema wake, na bado anasema. Kosa la Cher kwa Lucy limeelezwa kuwa la kutojua, kama jina la filamu linavyotangaza. Ndiyo maana karipio la Josh ni somo la jiografia, ilhali karipio la Knightley ni hukumu. Mtu asiyejua akifundishwa atajua, na ucheshi waweza kuendelea. Mtu anayejua na kutukana inambidi abadilike.

Hata hivyo tusiionee filamu. Mwanzoni mwake, katika darasa la Bw. Hall, Cher anatetea kuingizwa Marekani kwa wakimbizi wa Haiti, ambao wengi walikuwa wameikimbia nchi yao baada ya mapinduzi ya 1991. Hoja yake yote ni mfano wa sherehe ya siku ya kuzaliwa kwa baba yake: waliofika bila ya taarifa walipangiwa viti, chakula kikagawanywa upya, na kila mtu akafurahi. Darasa linampigia makofi. Watazamaji hucheka kwa ujinga wa mfano, lakini mfano si mbaya hata kidogo, na moyo uliomo ndani yake ni mwema. Sasa ulinganishe msichana huyu na yule anayezungumza na Lucy. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya El Salvador vilidumu tangu 1980 hadi 1992 na viliwaleta watu wengi wa nchi hiyo Los Angeles. Filamu haisemi Lucy alifika lini wala kwa sababu gani. Lakini yule aliyewatetea darasani wageni asiowajua, nyumbani kwake anapikiwa na mgeni asiyemwuliza alikotoka. Mwanafunzi akiyaweka matukio haya mawili bega kwa bega, atagundua kwamba kutojua kwa Cher nako kuna mizizi moyoni: tunaishi na mtu miaka, na hatukuona haja ya kujua. Kwa hiyo Heckerling hakumsahau Bi. Bates kabisa. Amemhamishia jikoni, akampa maneno machache, akamwacha huko.

Na hapo tunaona kasoro. Katika sura inayofuata ile ya Box Hill, Emma anakwenda asubuhi, kwa miguu yake, nyumbani kwa kina Bates. Hapokewi kwa furaha ya kila siku; Jane anamkimbia chumba cha ndani. Cher naye anatubu, na toba yake ni ya kweli: anakusanya vitu kwa ajili ya waliokumbwa na maafa Pismo Beach, hata vile anavyovipenda. Lakini hatuoneshwi akienda kwa Lucy.

Namna ya kuliendesha somo

Filamu ina dakika 97, na vipindi vyetu vya dakika 40 haviwezi kuimeza pamoja na majadiliano. Sishauri ionyeshwe yote darasani. Ionyeshwe jioni kwa wapendao, na darasani zichukuliwe sehemu tatu tu: mjadala wa wakimbizi, tukio la Lucy, na ugomvi wa Tai na Cher. Pasipo umeme au mashine, mwalimu asimulie sehemu hizo kwa mdomo kwa uangalifu. Somo halitaharibika, kwa sababu uzito wake umo katika sura mbili za kitabu ambazo lazima kila mwanachuo azisome kabla. Nasisitiza neno kabla. Anayeitazama filamu kwanza humsoma Emma kwa sauti ya Cher, na baada ya hapo ni vigumu kuiondoa sauti hiyo masikioni mwake.

Kianzio kizuri, kwa kufuata kanuni ya kutoka linalojulikana kwenda lisilojulikana, ni tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Nyerere aliifasiri mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Jina la Kiingereza linamtaja mfanyabiashara mmoja; la Kiswahili linataja mabepari, tena wengi. Waulizwe wanachuo: ni nini kilichoongezwa na badiliko hilo dogo? Mjadala wa dakika kumi utawafundisha kwamba anayeihamisha kazi ya mtu huihamisha pamoja na hukumu yake mwenyewe, na hapo watakuwa tayari kwa Emma.

Kuhusu usimulizi, zoezi moja latosha. Austen anasimulia kwa nafsi ya tatu, lakini mara nyingi maneno yake huwa ni mawazo ya Emma yaliyopenya bila ya alama yoyote, hata msomaji akadanganyika pamoja naye juu ya Elton. Wanachuo wachukue ukurasa mmoja kabla ya usiku ule wa Krismasi, wapige mstari chini ya kila sentensi wanayodhani ni ya Emma wala si ya msimulizi. Watabishana, na kubishana huko ndiko somo. Kisha waulizwe filamu imefanyaje. Watajibu kwamba Cher anajisimulia mwenyewe, na picha inamsuta: anasema maisha yake ni ya kawaida kama ya msichana yeyote, huku kompyuta ikimchagulia nguo za kuvaa.

Kazi ya kuandika ni hii: asubuhi iliyofuata, Cher anashuka jikoni kumtafuta Lucy. Andika ukurasa mmoja wa tukio hilo ambalo filamu haikulionyesha. Katika kusahihisha, mwalimu asitazame sana lugha ya Cher, maana hiyo wote huiweza. Atazame Lucy amepewa nini. Wapo watakaomfanya ashukuru na kusamehe katika sentensi ya kwanza. Hao warudishwe wakasome tena jinsi Emma alivyopokewa. Wapo watakaompa hotuba ndefu juu ya nchi yake. Waulizwe kama mtumishi anayetegemea mshahara wa nyumba hiyo angethubutu kuitoa, na kama angethubutu, angeitoa kwa lugha ipi. Katika kipindi cha mwisho kazi zisomwe kwa sauti mbili mbili: moja ambayo Lucy anazungumza, na moja ambayo anaendelea kuosha vyombo.